Sista Praxeda, Muuguzi wa Moyo Aliyeanza na Miguu

PRAXEDA ERNESTI MBAWALA (MAMA BRIGHTNESS)
21 Julai 1963 – 11 Mei 2024

Mwaka mzima umekatika, Mama, tangu Jumamosi ile ya Mei ulipofumba macho nasi tumekuzunguka. Katika familia tulikubaliana kwamba maneno haya ayaandike mtu mmoja, maana baba akishika kalamu analia, na mdogo wangu Edgar akishika kalamu anaandika kama anaomba likizo. Basi naandika mimi, Brightness, mtoto wako wa kwanza, kwa niaba ya wote.

Hatuandiki kwa kinyongo na Mungu wala kwa kuomboleza upya. Tulishalia, tena tulilia vizuri. Leo tunataka kujisifu kwa ajili yako, kwa kuwa wewe mwenyewe hukuwahi kujisifu hata mara moja, na jambo hilo lilitukera sana.

Ulizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge ng'ambo ya Muheza, ambako babu Ernesti alifika kutoka Songea akiwa kijana wa kukata mkonge. Babu alikufa ukiwa na miaka kumi na mitatu. Alivimba miguu, kisha tumbo, na siku zake za mwisho hakuweza kulala chali. Alikaa kitako ameegemea ukuta akitafuta pumzi. Kambini walisema karogwa. Miaka mingi baadaye, tukiwa tunachambua mchicha jikoni, ulituambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba yangu alikufa anaomba mto wa tatu, na mimi nilikuwa sijui ni wa nini." Kisha ukaendelea na mchicha. Mimi nadhani siku hiyo nilielewa kwa nini ulisomea uuguzi.

Ulifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne. Kumi na sita ya mwisho ulikuwa kwenye kliniki ya moyo na presha, kila Jumanne, ndani ya chumba kile chenye madirisha mawili ambamo moja halikufunguka. Wagonjwa walikuita Sista Praxeda. Sisi tulikuita Mama, ila siku za Jumanne tulikuwa tunakuita "hayupo".

Watu wengine wakikutana na mtu wanamtazama usoni. Wewe ulianza na miguu. Mgeni akiingia sebuleni, kabla hajapewa kiti ulishaona kama viatu vinambana, kama soksi imeacha alama, kama kifundo kimejaa. Ndipo ulipopandisha macho na kumkaribisha. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, ulishika mkono wa jirani na kuukawiza kidogo, vidole vikishuka taratibu mpaka kwenye mshipa. Mzee Wilfred wa kwaya, yule wa sauti ya chini, hadi leo anasimulia kwamba alijulikana ana moyo unaodunda ovyo katikati ya "Amani ya Kristo". Ulimpeleka kliniki Jumanne iliyofuata, na Jumapili hii ataimba.

Nyumbani tuliteseka. Chumvi katika nyumba yetu ilikuwa inatolewa kama dawa, kwa kijiko kidogo na kwa macho makali. Baba, fundi baiskeli mtulivu asiyejua hila, alifikia kuficha kichupa cha chumvi kwenye sanduku la spana. Ulikijua tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unakipunguza kidogo kidogo kila wiki, ukaweka unga wa ndimu iliyokaushwa mahali pake, na yeye akaendelea kunyunyiza kwa raha zake miaka miwili. Alipojua alinuna siku nzima, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini leo tunataka kusimulia jambo moja, kwa sababu tunadhani ndilo linalokueleza kuliko mengine yote. Wahusika wenyewe wameturuhusu tulisimulie, na majina yao tuyataje.

Wagonjwa wako wengi hawakuwa na mizani nyumbani. Mtu ambaye moyo wake hausukumi damu sawasawa, maji yanamjaa mwilini. Anaanza kuvimba miguu, kisha maji yanapanda kifuani na pumzi inakata. Uvimbe wa namna hiyo hausubiri Jumanne. Basi ulichana kanga kuukuu vipande vyembamba, ukampa kila mgonjwa kipande chake, sindano na uzi. Kila asubuhi kabla ya chai anajizungushia kipande juu kidogo ya kifundo cha mguu, na pale ncha inapofikia anapiga mshono mmoja. Mishono ikikaa pamoja, mambo ni mazuri. Mishono ikianza kukimbia, asingoje siku ya kliniki, aje. Kila mwezi alikukabidhi kipande, nawe ukampa kipya. Madaktari wageni walicheka walipoona faili zina vipande vya kanga vimebanwa kwa pini. Ulicheka nao, ukaendelea kuchana. Kanga zangu mbili ziliishia huko, na ile ya bluu sijakusamehe.

Zuwena Haji wa Tongoni alikuja kwako akiwa na miaka ishirini na mmoja. Ugonjwa wa utotoni ulikuwa umemharibu mlango mmoja wa moyo, ukabana, damu ikawa inapita kwa taabu. Alihitaji upasuaji Dar es Salaam, na jina lake likapangwa kwenye orodha ya Oktoba 2022. Sharti lilikuwa moja tu: afike mwili umekauka, hana uvimbe, la sivyo asingestahimili kisu. Kila asubuhi alimeza kidonge cha maji, kile kinachomtuma mtu chooni mara kwa mara mpaka maji ya ziada yaishe, na mwaka mzima alikuja kliniki miguu haina uvimbe.

Mwezi wa Juni akaolewa na Sele, fundi seremala, kijana mwema. Julai akaja kavimba. Agosti akaja kavimba zaidi. Daktari akaandika kwenye faili: "Mgonjwa hafuati masharti." Akasema Septemba ndiyo mara ya mwisho, akija hivi tena nafasi yake anapewa mwingine, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na wengi wanaosubiri. Bila upasuaji ule Zuwena asingefika mbali, na wewe ulijua.

Na wewe, Mama, siku hiyo ulikosea. Tunalisema kwa sababu ulilisema mwenyewe kwa watu wote. Ulimkaripia mbele ya benchi zima: "Binti, unataka kufa? Kama ndoa imekuzidi, sema tujue!" Zuwena akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, sista," akavuta buibui lake akaondoka. Ulirudi nyumbani hukula. Baba alikuuliza mara tatu una nini. Mara ya tatu ukasema: "Nimefanya kama wale wa kambini. Nimeona mtu kavimba, nikatafuta wa kumlaumu."

Kisha ukatoa kile kipande chake cha kanga mkobani, ukakinyoosha juu ya meza ya chakula, ukaniita. "Tazama hapa," ulisema. Mishono ya mwezi mzima ilikuwa imekaa pamoja, rundo moja. Miwili ya mwisho tu ndiyo iliyokimbia. "Kwao Tongoni anameza dawa, tena vizuri. Hizi asubuhi mbili ameamka wapi?"

Jumamosi tukaenda Tongoni, mimi na wewe. Nilidhani utaanza na maswali. Uliingia, ukakaa chini kwenye mkeka kabla hujaambiwa, Zuwena akakuamkia, "Shikamoo, sista," na badala ya kuitikia ukasema: "Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi. Nimekusema mbele ya watu na sikukuuliza hata neno moja." Zuwena akalia. Na wewe ukalia. Mimi nikatazama dari, maana wawili walitosha.

Aliponyamaza ndipo akasema.

"Sista, nikija kliniki nalala mjini, Mabawa, kwa mama mkwe siku mbili, ili niwahi namba. Choo kiko ng'ambo ya ua, na uani ndiko anakokaa yeye na wanawake wa mtaa, wanasuka ukili wa mikeka tangu asubuhi mpaka magharibi. Mie bibi harusi wa juzi. Nipite mbele yao mara kumi na kopo la maji mkononi? Watasemaje? Basi nikifika kule kidonge sikimezi. Nameza nikirudi."

"Kwa nini usilale kwingine?"

"Nilale kwingine mjini na mama mkwe yupo? Sista, hiyo ni talaka."

Ukamwuliza anakula nini huko. Akasema mama mkwe wake, Bi Mwatumu, anampikia papa mkavu wa chumvi kwa nazi, mchana na jioni, kwa mapenzi. Ameambiwa mkwewe ana upungufu wa damu, anataka kumjaza damu. Habari za moyo hazijui. "Akijua atasema mwanawe kauziwa mgonjwa. Sista, nakuomba kwa jina la Mungu, usimwambie."

"Sitamwambia," ulisema.

Njiani nilikugombeza. Nilisema hapa kuna uhai wa mtu, na wewe unakwenda kutunza aibu. Ukanijibu bila kugeuka: "Siri ya mgonjwa si yangu, Brightness, siwezi kuitoa. Lakini kibofu changu ni changu." Sikuelewa hata kidogo.

Nilielewa Jumapili ile ya Septemba, siku mbili kabla ya kliniki. Tulitoka Misa, ukanibebesha mashine ya presha, tukaenda moja kwa moja Mabawa. Zuwena alikuwa amefika asubuhi hiyo. Uani tulikuta wanawake tisa wamekaa na miyaa yao ya kusukia ukili, na katikati yao Bi Mwatumu mwenyewe, mwanamke wa sauti na wa heshima zake, hajui kusema kwa kunong'ona. Ulitoa salamu, ukasema wewe ni muuguzi wa kliniki anayokwenda mkwewe, umekuja kuwasalimu kwa kuwa hujawahi kumfahamu mama wa pale. Akafurahi. Tukaletewa chai. Ukaomba miyaa ujaribu kusuka, ukaisuka vibaya sana, wakakucheka, ukawa mgeni wao.

Haikupita muda ukasimama. "Jamani, choo kiko wapi? Kibofu changu siku hizi hakina adabu." Wakakuonyesha. Ukachukua kopo, ukapita mbele ya wote, ukarudi. Ukanywa chai kidogo, ukasimama tena. Mara ya tatu Bi Zainabu, jirani, hakuvumilia: "Sista, wewe una nini leo?"

"Nina miaka hamsini na tisa, nimezaa wawili, na nimekunywa chai. Kwani wewe huendi?"

"Mie? Mie nikicheka tu, yamenikuta!"

Hapo ndipo ua ulipochangamka. Kila mmoja akaleta lake. Mmoja alikatishwa safari ya harusi, mwingine alisali huku amebana, na Bi Mwatumu akapaza sauti: "Nyie mnasema, lile kopo jekundu pale ni langu peke yangu, na asiliguse mtu!" Walicheka mpaka ukili ukaanguka chini. Ulipokwenda mara ya tano hakuna aliyekutazama, si kwenda wala kurudi. Mimi nilikuwa namwangalia Zuwena. Alikuwa amekaa mlangoni, na mkononi ana kikombe cha maji. Nikamwona anatia kitu mdomoni, anameza.

Baadaye akasimama, akachukua kopo, akavuka ua. Wanawake walikuwa wanabishana kuhusu rangi ya miyaa. Akavuka tena na tena, na tena, na dunia haikuanguka.

Ukaomba mashine. Ukasema kwa kuwa tumekunywa chai yao, huna zawadi nyingine ila kuwapima presha. Kati ya tisa, sita walikuwa nayo juu. Ya Bi Mwatumu ilikuwa mia na tisini kwa mia na kumi. Ulimpima mara tatu, mkono huu na mkono ule, kisha ukamshika vidole ukamwambia taratibu: "Bi Mwatumu, papa wa chumvi na wewe hamwezi kukaa nyumba moja. Mmoja lazima ahame, na mimi sitaki uwe wewe."

Alikasirika. "Papa nimemla tangu kwa mama yangu! Na huyu mkwe wangu hana damu, nimlishe nini, majani kama mbuzi?"

"Mlishe samaki mbichi. Mpe maharage, tembele, ndimu kwa wingi. Mpikie kile kile utakachokula wewe, bila chumvi, mwezi mmoja. Nikirudi nikakuta presha yako haijashuka, nakuletea papa mzima, nambeba mwenyewe kichwani."

Bi Mwatumu alikutazama. Akamtazama Zuwena. Akainuka, akaenda jikoni, akaitoa sufuria ya papa motoni akampa Bi Zainabu aende nayo kwake. "Haya," alisema. "Mwezi mmoja." Bi Zainabu hakuipokea kwa furaha sana, kwa sababu na yeye alikuwa mmoja wa wale sita.

Jumanne, Mama, hukunywa chai. Tunajua, kwa sababu chupa ulirudi nayo imejaa. Zuwena aliingia chumbani, daktari akamwambia akae kitandani, akabonyeza gumba juu ya muundi wa mguu na kuhesabu mpaka tano. Alipotoa kidole hapakuwa na shimo. Akabonyeza mguu wa pili. Akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akampandisha kwenye mizani: kilo tatu pungufu ya Agosti. Akasema, "Safari hii amefuata masharti."

Na wewe, uliyekuwa husemi na madaktari ila kwa "ndiyo daktari", ukasema: "Amefuata siku zote, daktari. Sisi ndio hatukumwuliza. Naomba yale maneno uyafute."

Tunamshukuru daktari yule. Alikuwa kijana, angeweza kuona umemvunjia heshima. Alifungua faili, akapiga mstari juu ya maneno yale, akatia saini pembeni, na chini yake akaandika: "Anafaa kwa upasuaji." Ukatoka nje ya chumba, ukafunga mlango taratibu, na katikati ya korido ya hospitali ukapiga kigelegele. Manesi wakatoka vyumbani wakidhani kuna aliyejifungua. Benchi lile lile lililosikia ukimkaripia ndilo lililokusikia ukimpigia vigelegele, na uliwaambia waziwazi kwamba mwezi uliopita ulikuwa umekosea wewe.

Kabla ya safari ya Dar, Zuwena na Sele walikwenda kwa Bi Mwatumu kumweleza ukweli wote. Bi Mwatumu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mnadhani mie mjinga? Mtu mzima haendi chooni mara tano kwa kikombe kimoja cha chai. Nilijua sista ana jambo, na nilimwona mkwe wangu anameza dawa. Nikasema mwenye siri yake ataisema akiwa tayari. Sasa nani anafunga mizigo?" Alikwenda naye yeye mwenyewe. Alilala hospitali siku kumi na mbili, kwenye benchi, na hakuna nesi aliyeweza kumtoa.

Upasuaji ulichukua saa nne na nusu. Uliacha simu mezani ukaizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Ilipoita, Bi Mwatumu hakusema hata "halo". Alisema: "Katoka! Mzima! Moyo unapiga!" Baba alikuwa nje anaziba pancha, alitupa tairi akaingia akakukumbatia na mikono yake yenye grisi, ukamwacha. Gauni lile lina alama mpaka leo, na hatulifui.

Na Bi Mwatumu? Baada ya mwezi presha yake ilishuka mpaka mia na hamsini, baadaye ikashuka zaidi kwa vidonge. Papa hukumbeba. Ua wake ukawa kliniki yako ya pili. Ulistaafu Julai 2023, tukakuokea keki, ukala kipande kidogo, na Jumapili iliyofuata ulikuwa Mabawa na mashine yako. Leo mashine hiyo anayo Zuwena. Ulimfundisha mwenyewe kusikiliza, kuandika, na kutomkaripia mtu. Jumapili iliyopita alipima wanawake thelathini na mmoja na wanaume wanne, na wanaume, anasema, wanaogopa zaidi.

Mwaka jana homa ya mapafu ilikushika ghafla. Siku tisa tu. Hata ukiwa kitandani hukuacha kazi. Nesi mmoja kijana alikuuliza asubuhi kama umelala vizuri, ukamwambia kwa sauti iliyobaki: "Mwanangu, usimwulize mgonjwa kama kalala vizuri, atakwambia ndiyo. Mwulize kalala na mito mingapi." Tulimwona anaandika kwenye kiganja. Siku mbili baadaye ulituaga.

Mama, kuna jambo hukuliona, na ndilo tulilotaka ulijue siku ya leo.

Tulikuzika Jumanne. Hatukuipanga iwe hivyo, ilitokea tu. Baada ya Misa jeneza lilibebwa kwa mikono kutoka kanisani mpaka makaburini, zaidi ya kilomita mbili, jua la saa saba, barabara ya vumbi na mlima ule wa mwisho unaoujua. Tulikodi gari kwa ajili ya wazee na wagonjwa. Edgar alimfungulia Zuwena mlango wa gari. Akasema, "Hapana, kaka. Huyu namsindikiza kwa miguu." Bi Mwatumu alifungua kinywa amkataze, akakifunga.

Akaja akanishika mkono, tukaenda nyuma ya jeneza. Njia nzima alikuwa ananisimulia habari zako, moja baada ya nyingine, bila kupumzika: ulivyomfundisha kushona mishono, ulivyomletea machungwa ya Muheza wodini, ulivyomtania Sele. Tulipoanza kupanda mlima nilimwambia, "Zuwena, ngoja kidogo, pumua." Akaniangalia usoni, akaniambia, "Dada, anayehema ni wewe."

Ilikuwa kweli. Mimi mwenye moyo mzima nilikuwa nahema, nimejishika kiuno. Zuwena alipanda mlima ule mpaka juu, anatembea na kuzungumza vyote kwa pamoja, na alipofika kaburini sauti yake ilikuwa haijakatika. Nilisimama pale, Mama, na pamoja na uchungu wote niliokuwa nao, nilitaka kupiga kigelegele.

Misa ya shukrani kwa ajili ya maisha yako inasomwa leo saa mbili asubuhi parokiani kwetu, kisha watu wote wanakaribishwa nyumbani kwa chakula. Wapishi ni Bi Mwatumu na wanawake wa ua wake, wa dini zote. Mzee Wilfred ataongoza wimbo wa matoleo.

Unakumbukwa na mume wako mpenzi, Yona Shemweta; watoto wako, Brightness na Edgar; mkweo Jenifa; wajukuu wako Bryson na Praxeda mdogo; mdogo wako Devota na familia yake; ukoo wa Mbawala wa Songea na Muheza; ukoo wa Shemweta; wauguzi wenzako wa kliniki ya Jumanne; na Bi Mwatumu, Sele na Zuwena, ambao tumewaandika humu kama ndugu kwa sababu ndivyo walivyo.

Pumzika kwa amani, Mama. Siku zote tutakazopewa kuishi, tutakukumbuka.